Kata Upande wa Ua

Mawifi tuna sifa mbaya, na sina haja ya kuitetea. Kaka yangu alipomleta mkewe nyumbani mara ya kwanza, nilimkagua kuanzia kisigino hadi utosini nikitafuta kasoro, nikaikosa, nikazidi kununa. Leo mtu akimsema vibaya mbele yangu atanikoma. Nitaeleza ni kwa nini, na itabidi nianze na keki, maana huwezi kumweleza wifi yangu bila keki.

Ni mpambaji katika duka la keki la barabara kuu. Wengine wanaoka, yeye anapamba, na kazini wanamwita Fundi Maua. Anaujaza krimu mfuko wake wa kitambaa wenye mdomo wa bati, anaukamua kwa kiganja huku mkono ukizunguka kidogo tu, na waridi linafunguka mbele ya macho yako. Mimi niliwahi kujaribu. Nilichotoa sitakitaja, kwa kuwa tunazungumza habari za chakula.

Kwetu kipato ni cha kubanabana. Kaka ni seremala mwenye wateja wengi wa kuagiza na wachache wa kulipa, na mimi nashona sare za shule, kazi ambayo ina msimu wake. Kabla wifi hajaja, mtoto akifaulu mtihani alipigwa begani akaambiwa hongera, kisha akatumwa maji. Yeye ndiye aliyegoma. Alisema haiwezekani watu waishi mwaka mzima bila siku hata moja ya kuvaa vizuri na kuimbiwa, akaleta utaratibu wake.

Maputo kwetu hayapasuliwi. Yanafunguliwa uzi, yanatolewa upepo taratibu, yanapakwa poda yasigandane na kurudishwa kwenye kopo. Mshumaa unawashwa, mwenye siku yake anaupuliza papo hapo kabla haujaanza kuyeyuka, na ole wake anayetaka kufumba macho na kuomba dua ndefu. Viti vinatoka kwenye karakana ya kaka, vile ambavyo wenyewe hawajaja kuvichukua, na wageni wanaonywa wakae bila kuegemea. Mjomba wetu mmoja hakusikia onyo. Alirudi kwake na mistari ya vanishi mgongoni, na hadi leo hatusemeshi vizuri.

Na keki ilikuwa ya dirishani. Keki zile kubwa unazoziona kwenye madirisha ya maduka si keki. Ndani kuna lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, na utamu wote ni ngozi ya sukari kwa nje. Zikichakaa, bosi humwambia wifi azitupe. Yeye huzileta nyumbani. Anachonga shimo upande mmoja, anachomeka kipande cha keki ya kweli alichooka mwenyewe kwenye sufuria, moto chini na moto juu, kisha anapaka krimu yote isionekane pengo. Juu ya kipande hicho anaweka ua moja jekundu. Wageni wanaona keki ya ghorofa tatu, na sisi wenyewe tunajua pa kukata. Watoto walifundishwa neno moja tu: upande wa ua. Hivyo ndivyo tulivyosherehekea kijana wetu alipomaliza shule ya msingi, na kaka alipotoka hospitali, na mimi nilipopata cherehani yangu. Ikawa msemo wa nyumbani. Mtu akileta porojo anaambiwa, hebu acha povu, tupe upande wa ua.

Mama yetu hakuujua msemo huo. Alikuwa akiishi kwa dada yetu mkubwa, akahamia kwetu mwaka ule ule aliotimiza miaka sabini. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye dobi la hoteli, na hata uzeeni alikunja shuka pembe kwa pembe ungedhani limepigwa pasi. Kutwa nzima alikaa uani, kwenye kibao chake karibu na karo la kufulia, akipangua na kupanga nguo za watu. Tulijua macho yake yana mtoto wa jicho. Tulipomuuliza alijibu kwa ukali kwamba anaona vizuri kuliko sisi, na kwa kuwa alitembea nyumba nzima bila kujikwaa, tulimwamini. Au tuseme ilitufaa kumwamini.

Wifi aliapa kwamba sabini ya mama haitapita kimya. "Mtu amefua mashuka ya sherehe za watu miaka yote hiyo," alisema, "na yeye hajawahi kukata keki hata mara moja." Wenzake wa dobini wakaalikwa. Siku ikapangwa Jumapili. Juma lile lile mvua ikapenya paa la stoo ya duka, na keki kuukuu tuliyokuwa tukiisubiri ikaloa, ikaota ukungu.

Jumamosi nilimkuta jikoni anapepeta unga. Akaniambia bila kuinua uso kwamba atachukua ile mpya.

"Ipi mpya?"

"Ya dirishani. Ya harusi."

"Wifi, umechanganyikiwa? Ile hata wiki mbili haina."

"Kesho hatufungui. Funguo za pili ninazo mimi. Naitoa asubuhi, jioni nairudisha. Shimo nalichonga mgongoni, upande usiotazama barabara, nikirudi naziba napaka. Nani atajua?"

"Na bosi akijua?"

"Akijua, unga umemwagika."

Alisema hivyo na chekeche mkononi, na hakuna kati yetu aliyecheka. Mwenzake mmoja alifukuzwa kwa kubeba krimu iliyobaki kwenye kikombe. Mshahara wa wifi ndio uliokuwa ukituweka mjini, ndio uliolipa pango, ndio ulionunua hata nyuzi zangu. Nilimkatalia, nikamsihi, nikamtisha kumwambia kaka. Kumbe kaka alishakubali na alikuwa karakanani anampigia boksi la kubebea.

"Mama asijue," wifi akaniambia mwishoni. "Akijua ni ya kuazima hataigusa."

Hapo alisema kweli. Mama angewarudisha wageni mlangoni.

Jumapili asubuhi keki iliingia nyumbani ndani ya boksi la mbao, nyuma ya gari la mizigo ambalo kaka aliliazima kwa jirani wa karakana. Ilikuwa ya ghorofa tatu, nyeupe, mbele yake yote imezungushiwa lesi ya sukari iliyochorwa uzi kwa uzi. Kazi ya siku nyingi ile, mgongo wa wifi ulikuwa bado unauma kwa ajili yake. Alichomeka kipande chake cha kweli upande wa nyuma, akaziba, akaweka ua jekundu, safari hii kubwa sawa na kifuniko cha sufuria. Kisha akaenda kuinama mbele ya mama aliyekuwa akivalishwa.

"Mama, wakati wa kukata, wewe kata upande wa ua."

"Upande wa ua," mama akarudia. "Kwani upande mwingine una nini?"

"Wa ua ndio laini."

"Haya. Mimi meno yangu mwenyewe unayajua."

Tukaridhika. Ningekuwa na akili siku ile, ningejiuliza ni ua gani mama analifikiria, yeye ambaye kila anapotaka kwenda kwenye kibao chake husema, nipelekeni uani.

Wageni walifika mchana. Walikuwa wanawake wa rika la mama, wote wenye mikono mikubwa ya kufua, na kiongozi wao alikuwa Bi Wanga. Jina hilo alilipata kwa kutia wanga kwenye vitambaa vya meza za hoteli, ingawa wapo waliokuwa wakiongeza maelezo mengine. Ana ulimi huyo! Aliingia tu akasema, "Jamani, mbona amezeeka hivi? Bado unaniona, au nikutajie jina?"

"Nakuona," mama akamjibu. "Umenenepa."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilimwona mama akishika ukingo wa kiti kwa nguvu, na nikadhani ni hasira.

Tulimketisha mbele ya ukuta, meza mbele yake, wageni wakimtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa karibu na mlango wa kwenda uani. Mkono wa kushoto ulikuwa upande wa dirisha la barabarani, na huko ndiko kaka aligeuza upande wenye ua jekundu, ili wageni waliokaa dirishani walione vizuri. Ile lesi ya sukari, sura yenyewe ya keki, ikaelekea mlango wa uani. Yangekuwa kinyume, nisingekuwa na hadithi.

Tulikuwa tunagawa wali simu ya wifi ilipolia. Alitoka nayo koridoni nami nikamfuata na sinia. Nilimsikia akisema, "Ndiyo bosi... ndiyo... leo? ... sawa bosi." Alipokata, akanigeukia.

"Anafungua duka saa kumi. Kuna mteja wa harusi anataka kuiona ile ya dirishani kwa macho yake."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa tisa ilishapita.

"Irudisheni sasa hivi," nikamwambia. "Tumwambie mama imeharibika."

"Hapana. Akate upesi, kipande kitoke, tupakie. Nitaziba nikiwa ndani ya gari, mfuko wa krimu ninao. Upande wa nyuma hata usipokauka hakuna atakayeuona." Akajifuta uso kwa kanga. "Wifi, nisaidie. Waimbe upesi."

Kuwafanya watu waimbe upesi si kazi ngumu, ila Bi Wanga alikuwa ameshasimama. Alitaka kusema mawili matatu. Alianza siku mama alipoajiriwa, akapitia kila msimamizi waliyepata kuwa naye na tabia zake, akaeleza mashine ya kukamulia ilivyomvuta mtu mkono na mama alivyoizima. Nusura nimvute gauni akae. Kaka alikuwa mlangoni, anachezea ufunguo wa gari. Wifi alisimama nyuma ya mama, ametabasamu midomo tu, jasho linamtiririka shingoni. Kila Bi Wanga alipovuta pumzi tulidhani amemaliza, kumbe anapandisha gia.

"Sasa ngoja nisiwachoshe," akasema hatimaye, "akate keki."

Nikaanza wimbo kabla hajaketi. Mshumaa ukawashwa, mama akaupuliza, wifi akamkabidhi kisu chenye utepe. Mama akasimama. Alinyoosha mkono wa kushoto akapapasa hewani kidogo, akakuta ukingo wa meza. Kisha akageuka kulia, kuelekea mlango wa uani, akaweka ncha ya kisu juu ya ile lesi ya sukari.

Nikaacha kuimba.

"Mama," wifi akasema kwa upole, "upande wa ua."

"Si ndio huu?" Mama akaonyesha kwa kidevu mlango wa uani. "Wa ua, umesema."

Kwanza watu hawakuelewa. Halafu Bi Wanga akacheka. "We mwenzetu! Anakwambia ua, ua la keki, hilo jekundu hapo kushoto kwako! Linaonekana hata kwa aliye barabarani. Kulia kwako kuna nini?"

Mama alibaki ameinua kisu, uso ameuelekeza kwenye keki, na macho yake yakawa yanahangaika. Yalipita juu ya lile ua jekundu, yakarudi, yakapita tena. Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona wifi naye ameelewa wakati ule ule. Mama alikuwa haoni. Hakuwa anaona kidogo wala anaona kwa shida. Alikuwa ametembea ndani ya nyumba yetu kwa kuhesabu hatua na kupapasa kuta, amekunja nguo zetu kwa vidole, ametujibu kwa ukali ili tusimuulize mara ya pili, na sasa alikuwa amesimama mbele ya watu aliowatambia maisha yake yote, akisubiri wamjue. Nilitaka ardhi ipasuke, imeze meza, Bi Wanga na mimi.

"Lipi?" Bi Wanga aliendelea, sasa hacheki. "Mbona... hebu nitazame. Unaliona ua?"

Wifi angeweza kumshika mama mkono na kuupeleka kushoto. Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Kisu kingeingia kwenye keki ya kweli, boksi lingefungwa, gari lingeondoka, kazi ingebaki. Na wote waliokuwemo wangejua kwa nini mzee ameongozwa mkono kwenye ua kubwa kiasi kile. Kaka pale mlangoni alikuwa anamwambia kwa macho, mgeuze, mgeuze. Nakiri na mimi nilikuwa namwambia hivyo hivyo.

"Bi Wanga, umesikia vibaya," wifi akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mimi nilimwambia upande wa uani. Hilo jekundu ni pambo tu. Hapo hapo, mama, ulipoweka. Kata."

Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mama, akakandamiza.

Lesi ilivunjika. Kisu kilipofika kwenye povu kikalia, kwiii, ule mlio unaosisimua meno. Nikaimba. Niliimba kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikapiga meza, nikapiga makofi, nikamkanyaga kaka mguu naye akaimba. Wale wanawake wa dobini wakaitikia kwa vigelegele, na nyumba ikajaa kelele. Chini ya kelele hizo wifi alizungusha mkono wake mwingine nyuma ya keki, akachomoa kipande cha kweli kutoka chini ya ua, akakiweka kwenye sahani na kukipitisha mbele kana kwamba kimetoka pale palipokatwa. Mkono wa fundi huo. Hakuna aliyeona.

Akamlisha mama tonge la kwanza. Mama alitafuna taratibu, krimu ikabaki juu ya mdomo wake, wifi akaifuta kwa kidole. Mama akamvuta shingo, akamnong'oneza. Nilikuwa karibu nikasikia.

"Nimekata nini, mwanangu? Kile hakikuwa keki."

"Umekata vizuri, mama."

"Nimekuharibia?"

"Hujaniharibia kitu. Kula."

Mama aliushika mkono wa wifi, akawa hauachii. Sijawahi kumwona mama yangu akimshika mtu mkono hivyo, hata sisi aliotuzaa. Naamini Bi Wanga alijua, kwa sababu alichukua sahani yake akaja kukaa upande ule ule, akaanza kumweleza mama, bila utani hata chembe, nani amevaa nini na nani amekaa wapi.

Nilikwenda kuitazama keki. Upande wa uani lesi ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini, na povu lilichungulia jeupe, na punje zake zimetapakaa mezani. Hapakuwa na mfuko wa krimu duniani wa kuziba vile. Kaka alikuja akasimama kando yangu. Alifungua boksi, akalitazama, akalifunga tena.

Saa ya ukutani ikagonga kumi. Haukupita muda simu ikalia mezani, katikati ya sahani, kila mtu akaisikia. Nilimwambia wifi asiipokee. Nilimwambia tuzue jambo, tuseme wezi wamevunja, tuseme lolote. Alinitazama kwa huruma, kwa kweli alinionea huruma, akaichukua. Mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshikwa na mama, kwa hiyo hakutoka nje. Aliongelea pale pale.

"Ndiyo bosi. Najua dirisha liko wazi... Hapana, si wezi. Ninayo mimi, iko nyumbani kwangu."

Sauti ya bosi ilisikika hadi nilipokuwa. Wifi aliisubiri imalizike. Wageni waliokuwa karibu waliacha kutafuna.

"Haiuziki tena, bosi. Imekatwa. Imekatwa na mama yangu, leo ana sabini."

Alisikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi. Mara moja tu alifumba macho.

"Na funguo, sawa," akasema. "Nitazileta zote pamoja. Ila nisubiri kidogo, bosi. Watu bado wanakula."

Akaiweka simu mezani, akachukua sahani ya mama, akamuuliza kama anataka kipande kingine.